Kibomba Kinachocheza: Mbano Kwanza, Gundi Baadaye

Kabureta ya pikipiki ya miaka ya 1960 au 1970 inapoanza kutoa petroli pale mpira wa mafuta unapoingia, swali linaloulizwa karibu kila karakana ni moja: tuzibe na nini? Mmoja atataja gundi ya Araldite, mwingine sabuni ya kipande, mwingine lehemu, na mwingine atazungushia utepe mweupe wa mafundi bomba. Majibu yanatofautiana, lakini swali lenyewe ndilo lililokosewa. Kibomba cha shaba kinachocheza kwenye bodi ya kabureta hakikuwa kimezibwa na kitu chochote kilipotoka kiwandani. Kilishikwa. Kilisukumwa kwa nguvu ndani ya tundu dogo kuliko chenyewe, na kule kubanana kwa metali mbili kukawa ndiko kushika na ndiko kuzuia mafuta yasipite. Kikianza kucheza, kilichopotea ni mbano, na uvujaji ni matokeo tu. Ninachotetea hapa ni kwamba matengenezo yanayodumu hurudisha mbano kwanza, kisha ndipo gundi iitwe kusaidia. Anayeanza na gundi anaficha ugonjwa, tena kwenye chombo kinachopitisha petroli sentimita chache kutoka kwenye silinda yenye moto.

Si kila kabureta imejengwa hivyo, na tofauti hiyo ina maana kubwa. Amal za Uingereza, zilizofungwa kwenye Triumph, BSA na Norton nyingi, hupokea petroli kupitia kiungo cha duara kinachobanwa kwa boliti yenye tundu katikati, na kati ya metali na metali hukaa washa laini. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye Monobloc ya katikati ya miaka ya 1950, na ndivyo ilivyo kwenye Concentric iliyoingia sokoni mwaka 1967. Wajapani walichukua njia nyingine. Mikuni za aina ya VM, zilizokuja kwenye Yamaha na Suzuki nyingi, pamoja na Keihin nyingi za Honda za wakati huo, zina kibomba kilichosukumwa moja kwa moja ndani ya bodi, bila uzi, bila nati, bila washa. Ni njia rahisi kiwandani na ina sehemu chache za kupotea. Udhaifu wake ni kwamba haina kitu cha kukaza. Boliti ya Amal ikilegea unachukua spana. Kibomba cha Mikuni kikilegea, hakuna mahali pa kuweka spana.

Kwa nini kilegee baada ya miaka arobaini au hamsini, wakati hakijawahi kuguswa? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya metali ya bodi. Kabureta nyingi za zama hizo zimemiminwa kwa aloi ya zinki yenye alumini kama asilimia 4, aloi ya jamii ya Zamak iliyoendelezwa na kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Inafaa sana kwa kabureta, maana inayeyuka kwenye nyuzi joto zisizofika 390 za Selsiasi, inajaza kila kona ya kalibu, na inatoka na vitundu vidogo vilivyo sahihi. Lakini ina tabia mbili ambazo mtengenezaji wa kibomba hana budi kuzijua. Ya kwanza, inatanuka zaidi kuliko shaba ya njano. Kwa kila nyuzi moja ya joto, zinki hiyo hutanuka kama sehemu 27 kwa milioni, na shaba ya njano kama 19 hadi 20. Bodi ikipata joto kutoka kwa injini, tundu linakua haraka kuliko kibomba kilichomo. Kwa kibomba cha milimita 6 na ongezeko la nyuzi 50, tofauti ni kama elfu mbili na nusu za milimita, yaani milimita 0.0025. Peke yake ni ndogo mno kuachia kibomba. Lakini inajirudia kila injini inapowashwa na kuzimwa.

Tabia ya pili ndiyo nzito zaidi. Aloi za zinki hazivumilii mkazo wa kudumu. Chuma kikibanwa leo kwa kiasi kisichozidi uwezo wake, kitabaki na mkazo huo kwa miaka. Zinki hujisogeza polepole hata katika joto la kawaida la kivulini, na hujisogeza kasi zaidi ikiwa karibu na injini, hadi mkazo wenyewe unapungua. Ukuta wa tundu uliokuwa ukikisukuma kibomba kwa nguvu mwaka 1972 umeshazoea umbo lake jipya. Hausukumi tena kama zamani. Hakuna aliyekosea na hakuna kilichovunjika. Metali imefanya inachofanya metali hiyo ikipewa muda. Ndiyo sababu pikipiki iliyohifadhiwa vizuri bandani, yenye kilomita chache, inaweza kuwa na kibomba kilicholegea sawa na ile iliyozunguka mashambani kila siku.

Kinachomaliza kazi ni mpira, wala si petroli. Petroli kwenye pikipiki hizi inashuka kwa uzito wake tu. Tangi likiwa sentimita 30 juu ya kabureta, msukumo pale kwenye kibomba ni kama asilimia mbili tu ya ule wa hewa inayotuzunguka. Msukumo huo hauwezi kung'oa kitu. Lakini mpira uliokauka ukashikamana na shaba, kisha mtu akauvuta kwa koleo huku akiuzungusha kulia na kushoto, unatia nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo. Mpira mfupi mno, au uliokunjwa ili ufike kwenye koki, nao unakivuta kibomba upande mmoja mchana kutwa huku injini ikitetemeka. Kwa hiyo kibomba kinahitaji kushikwa dhidi ya mkono na mtikisiko, na kuzuia mafuta ni kazi ndogo inayofuata. Hili likieleweka, ni rahisi kuona kwa nini kupaka kitu kwa nje ya kiungo hufeli hata pale kinapoziba vizuri siku ya kwanza.

Kabla ya kufika huko, lazima pawe na uhakika kwamba kibomba ndicho kinachovuja. Petroli husambaa haraka, na tone linaloning'inia chini ya bakuli linaweza kuwa limetoka popote juu yake. Keihin na Mikuni nyingi zina kibomba kingine ndani ya bakuli, kilichosimama wima, cha kumwaga mafuta yanapozidi. Hicho hupata ufa mwembamba kwa urefu, na petroli hutoka chini kana kwamba boya limekwama. Sindano ya boya ikiwa imelika, dalili ni hiyo hiyo. Njia ya kutofautisha ni kukausha kabureta kabisa, kupaka vumbi la chaki kuzunguka kila kiungo, kisha kufungua koki na kuangalia kwa tochi ya betri: chaki hubadilika rangi mahali hasa pa kwanza kulowa. Iko pia hali ambayo kibomba hutakiwa kucheza. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani za silinda nne za miaka ya 1970, kabureta hupangwa safu moja na kuunganishwa kwa vibomba vyenye umbo la T vinavyokaa kati ya kabureta na kabureta, na kila mwisho una pete ya mpira. Vibomba hivyo huzunguka kwa mkono na ndivyo vinavyotakiwa kuwa, ili kabureta nne ziweze kulinganishwa bila kuvunjana. Vikivuja, dawa ni pete mpya. Anayevigandisha kwa gundi anaharibu safu nzima, na atakayeifungua baada yake atalazimika kuvivunja.

Sasa tuje kwenye gundi, maana hapo ndipo pana hoja ya kweli ya kujibu. Wapo wanaosema, na hawasemi uongo, kwamba wamepaka gundi ya epoksi kuzunguka kibomba na pikipiki imetembea miaka bila tone. Hata sabuni ya kipande, inayotumika kote Afrika Mashariki kuziba tangi lililotoboka, haina upuuzi wowote: petroli haiyeyushi sabuni, na kwa safari ya kurudi nyumbani inatosha. Hoja yangu si kwamba vitu hivi havizibi. Ni kwamba kila kimoja kinadai kushika kazi ambayo hakikuumbwa kuifanya. Epoksi iliyopakwa kwa nje hushikilia ngozi ya juu ya zinki, na ngozi hiyo mara nyingi ni unga mweupe wa kutu. Mpira ukivutwa, gundi inabanduka pamoja na unga wake. Sabuni hutoka siku ya mvua. Utepe mweupe haukai kwenye kitu kisicho na uzi, na vipande vyake hukatika vikaingia kwenye kiti cha sindano ya boya, hapo ukabadilisha uvujaji mdogo wa nje na mafuriko ya ndani.

Petroli yenyewe imebadilika. Uingereza iliifanya petroli yenye spiriti hadi asilimia 10 kuwa ya kawaida kwenye vituo tangu Septemba 2021, na Kenya iliwahi kuchanganya spiriti ya miwa kutoka Muhoroni kwenye petroli yake miaka ya 1980. Spiriti hulainisha baadhi ya epoksi zilizostahimili petroli tupu kwa miaka mingi. Tena hunywa maji kutoka hewani, na maji hayo yakitulia kwenye bakuli huila zinki. Mtu aliyefaulu kwa gundi fulani mwaka 1990 hana haki ya kumhakikishia mwenzake kwamba itafaa leo. Zipo epoksi zilizotengenezwa kwa ajili ya mafuta, na ndizo za kutumia ikilazimika, lakini hata hizo zinahitaji metali safi, na zinahitaji kibomba kisichosogea wakati zinakauka. Yaani zinahitaji mbano ambao hatujaurudisha bado.

Lehemu inavutia zaidi kwa sababu inaonekana kama metali kwa metali, na hapa ndipo pa kuwa mkali. Lehemu ya kawaida ni bati na risasi. Vitu hivyo viwili, hata kwa kiasi kidogo sana, ndivyo vinavyoozesha aloi ya zinki kutoka ndani: kutu hupita kati ya chembe na chembe, metali huvimba, hupasuka, na mwisho humomonyoka mkononi. Ugonjwa huu uliwasumbua sana wamiminaji wa awali, na ulipungua pale tu zinki ilipoanza kusafishwa hadi asilimia 99.99 kabla ya kuchanganywa. Kulehemu kibomba kwenye bodi ni kuurudisha uchafu ambao watengenezaji walitumia gharama kuuondoa. Juu ya hilo, fundi anayetumia moto wa gesi ana nafasi finyu, maana bodi inayoyeyuka chini ya nyuzi 390 haitoi onyo la kubadilika rangi. Inasimama, inasimama, kisha inadondoka. Kuchomelea sihitaji hata kukujadili.

Kukata uzi ndani ya tundu na kuweka kibomba chenye uzi ni wazo bora kuliko hayo yote, na kwenye bodi yenye ukuta mnene ni tiba halali. Lakini kwenye Mikuni ndogo ukuta unaozunguka kibomba ni mwembamba. Uzi unakula sehemu ya unene huo, na uzi mwembamba mbele mnene nyuma, ule wa mabomba ya maji, hufanya kazi kama kabari. Zinki haipendi kabari. Ufa mmoja hapo na bodi nzima imekwisha, ilhali kibomba kilicholegea tu kilikuwa kinaponyeka.

Kinaponyeka namna gani? Kwanza kitoke, hata kama bado kinashika kidogo. Kabla ya hapo, weka alama ya upande kilikoelekea, kwa sababu pembe hiyo ndiyo inayoamua kama mpira utapita bila kujikunja. Ingiza ndani yake shina la keekee linaloenea barabara, ndipo ukishike kwa koleo na kukizungusha ukivuta. Bila shina hilo, shaba hujikunyata na kibomba kimekufa. Safisha tundu kwa kitambaa na asetoni, bila msasa. Kila unachokwangua hapo ni mbano unaoutupa. Kisha fanya kibomba kiwe kinene tena. Njia ya zamani na nzuri ni kulaza tupa bapa yenye meno madogo juu ya sehemu inayoingia ndani ya bodi, na kukibingirisha kibomba chini yake juu ya bamba gumu kwa kukandamiza. Meno huacha mistari, na kando ya kila mstari shaba huinuka kidogo. Pima kwa kalipa au, vyema zaidi, kwa maikromita: nyongeza ya elfu 20 hadi 50 za milimita kuliko tundu inatosha. Ukizidisha, ukuta utapasuka. Kibomba kilichochoka, au chenye ufa, kisirudishwe. Fundi wa kukereza anaweza kutoa kipya kwenye fimbo ya shaba kwa muda mfupi, na kwa kipimo kinachotakiwa badala ya kinachokisiwa.

Hapa ile tabia ya zinki iliyotuponza inageuka kuwa msaada. Ondoa boya, sindano, jeti na kila mpira, kisha uipashe bodi hadi karibu nyuzi 100 ndani ya oveni, huku kibomba kimelala kwenye friza. Tundu la milimita 6 hukua kama elfu 12 za milimita kwa joto hilo, na kibomba kilichotoka friza hupungua kama elfu 5. Ni nafasi ya elfu 17 ambayo haikuwepo, na inayofungwa yenyewe vitu hivyo viwili vikirudi joto moja. Kisukume kibomba kwa jiriwa yenye vipande vya mbao kwenye taya zake. Nyundo isitumike, kwa kuwa pigo la pembeni hupanua mdomo wa tundu, na mdomo ndio unaoshika zaidi. Sasa ndipo gundi ina kazi yake: tone la ile gundi ya mafundi mitambo inayokauka ikikosa hewa katikati ya metali mbili, ya aina ya Loctite ya kushikizia, lipakwe kwenye kibomba kabla ya kukisukuma. Inajaza mistari iliyoachwa na tupa, na ikishakauka petroli haiisumbui. Tahadhari ni kwamba gundi hizi huamshwa na metali kama shaba na chuma. Zinki huzichelewesha, kwa hiyo zipewe kiamsho chake au ziachwe usiku mzima bila kuguswa.

Kwa Amal kanuni ni ile ile, ila hatari ipo upande wa pili. Washa ikishakauka kiungo huvuja, mwenye pikipiki hukaza boliti, kinavuja tena, anakaza tena, hadi uzi wa zinki unaisha. Boliti haikuwa na kosa. Washa laini hufanya kazi kwa kulala kwenye makwaruzo ya metali, na ikishakuwa ngumu hakuna nguvu ya mkono itakayoilaza. Washa mpya, nyuso mbili zilizosawazishwa juu ya msasa laini uliotandikwa kwenye kioo, na mkazo wa vidole viwili kwenye spana fupi vinatosha. Pale uzi ulipokwisha, kuna vikoili vya waya vinavyowekwa baada ya kukata uzi mpana zaidi. Vinashika vizuri kuliko uzi wa awali wa zinki, na ni moja ya hali nadra ambapo kilichotengenezwa kinazidi kilichotoka kiwandani.

Atauliza mtu mwenye hesabu zake: kwa nini taabu yote hii, wakati kabureta mpya inanunulika? Kwa Amal hoja hiyo ina nguvu, kwani bado zinatengenezwa Uingereza, na bodi iliyolika mahali slaidi inapopita haifai kufufuliwa kwa ajili ya kibomba. Lakini kabureta ya bei ya chini ya kuigiza, inayofanana kwa nje na Mikuni ya zamani, mara nyingi huja na jeti na sindano za vipimo tofauti, na mwenye Yamaha DT ya mwaka 1975 atajikuta anatatua matatizo matatu ambayo hakuwa nayo ili kukwepa moja aliloweza kulimaliza kwa nusu siku. Bodi ya asili iliyo nzima, ambayo slaidi yake haijalegea na nyuso zake hazijapinda, ina thamani kuliko inavyodhaniwa. Isipokuwa ile iliyokwisha kuvimba na kuonyesha nyufa ndogondogo kama matope yaliyokauka. Hiyo imeoza ndani, hakuna mbano utakaokaa humo, na kuendelea nayo ni kuchezea moto.

Moto si neno la kupamba. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kukusanyika chini ya injini badala ya kupeperuka. Tone moja kwa sekunde, ambalo wengi huliona dogo, ni karibu lita mbili kwa siku. Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza baada ya matengenezo lisifanywe kwa petroli. Ziba upande wa ndani kwa sindano nzuri ya boya, funga mpira wa nusu mita, ujaze mafuta ya taa, upake chaki kuzunguka kiungo, uuning'inize mpira usiku kucha. Mafuta ya taa hupenya mianya midogo sana na hayawaki kirahisi. Asubuhi chaki ikiwa kavu, kiungo kimepona. Kisha mpira mpya wa kipenyo sahihi, wenye urefu wa kutosha kupinda bila kuvuta, na klipu isiyokazwa hadi kukata mpira. Siku ya kuutoa, upasuliwe kwa wembe kwa urefu wake, bila kugusa shaba, kisha ubanduliwe. Mpira ni rahisi kununua, na kibomba hakitavutwa tena.